Dismas wa Greda

Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na wanawake wa Kiranjeranje bado wanalisema neno hilo wakiwa wamekaa kichwani pa mzazi. Somoe binti Rehani hakuficha. Aliufunua uchi wote, hata ule ambao hakuwa nao, na hakuzaa.

Hivyo ndivyo Biasha, mdogo wake, alivyoyaanza maelezo yake ya kuomba nafasi ya kusomea udaktari, miaka saba baada ya kumzika dada yake. Lakini maneno hayo hayakuja mara ya kwanza. Mara ya kwanza ilikuja takataka.

Takataka yenyewe ilikwenda hivi: "Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kuvaa koti jeupe na kulitumikia taifa langu." Mwalimu Ignatius, aliyemfundisha baiolojia, aliisoma akiwa amesimama mlangoni pa ofisi ya walimu. Alipomaliza alikunja karatasi mara nne, akainama, akaisukuma chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba. Akaijaribu meza kwa kiganja.

"Sasa imepata kazi," alisema.

"Mwalimu!"

"Mwalimu nini? Chuo kinasomesha bure watu kumi. Wameomba mia nne. Wote wana divisheni wani kama wewe, na wote wameota koti jeupe. Hao wasaili watadhani nchi nzima imelalia mto mmoja." Alikaa, akamtazama. "Nani alikufa?"

"Samahani?"

"Mtu hatoki kwenye shamba la ufuta akataka kupasua matumbo ya watu bila sababu. Mimi ni Mmatumbi wa milimani, Mkatoliki, na hapa kwenu nimekuja juzi. Sijui mambo yenu. Ndiyo maana nauliza. Nani alikufa, Biasha?"

Biasha aliaga. Alikwenda nyumbani, akachukua daftari, akaandika kwa siku tatu.

Aliandika kwa Kiswahili. Tangazo la chuo liliruhusu lugha yoyote kati ya mbili, na yeye aliona kwamba dada yake hakufa kwa Kiingereza.

Mwaka ule Biasha alikuwa na miaka kumi na mitatu. Somoe alikuwa na ishirini na mmoja, mimba ya kwanza, na alikuwa amerudi kujifungulia kwa mama yake kama ilivyo ada. Uchungu ulianza alfajiri. Ilipofika saa nne asubuhi mtoto alikuwa hajasogea hata kidogo. Nurdin, mume wa Somoe, alikuwa uani na pikipiki yake, tangi limejaa, kanga mbili amezifunga kwenye kiti ili mkewe akae pakiwa laini. Alikuwa anasubiri aambiwe tu neno "haya".

Ndani, wanawake walikuwa na kazi moja ambayo haijaisha. Kwao wao, uchungu ukikawia si nyonga wala si mlalo wa mtoto. Ni jina. Mwanamke ametoka nje ya ndoa, na jina la huyo mtu limekaa mlangoni pa tumbo limeziba njia. Asipolitaja, mtoto hapiti. Kumtoa akapelekwa hospitali kabla hajataja ni kumuua kwa mikono yako mwenyewe.

Mama yao alikaa kichwani. Bibi mkunga alikaa miguuni.

"Taja, mwanangu. Taja upone."

"Hayupo, mama."

"Yupo. Sisi sote ni wanawake humu, nani atakucheka? Taja."

Hakumfokea hata mara moja. Biasha, aliyekuwa anaingiza maji na kutoka, aliliandika hilo na kulipigia mstari, kwa sababu ndilo lililomuuma kuliko yote. Mama alikuwa anamfuta Somoe jasho kwa ncha ya kanga, anambusu kwenye paji la uso, na kumuuliza tena. Saa nne, saa tano, saa sita. Adhana ya adhuhuri ilipita. Saa saba Somoe akasema, kwa sauti ya mtu anayeweka mzigo chini:

"Dismas."

"Dismas gani?"

"Wa greda. Lile lililochonga barabara ya mashambani."

Wanawake walishusha pumzi. Bibi mkunga alisema alhamdulillahi. Lakini nyumba ilikuwa ya miti na udongo, na ukuta wa udongo hauzuii jina. Pikipiki ikawaka uani. Biasha alidhani Nurdin anaisogeza karibu na mlango. Aliisikia ikienda, ikienda, mpaka ikabaki sauti ya kuku tu.

Ilichukua saa moja na nusu kumpata mtu wa pikapu. Mama ndiye aliyekimbia barabarani, miguu mitupu, kanga inaanguka. Somoe alilazwa barazani kwenye mkeka, na Biasha akaachwa amshike mkono na kumpepea.

"Biasha," alisema Somoe.

"Bee, dada."

"Hakuna Dismas. Nimewapa jina ili waniache nitoke."

Alifia njiani, kabla ya njia panda ya Nangurukuru, na mtoto wake yumo ndani.

Nurdin hakuja mazikoni. Wengi hawakuja. Waliokuja walizungumza chini kwa chini juu ya Dismas, na hadi leo ukimtaja Somoe pale kijijini, kuna mtu atatikisa kichwa na kusema, "Yule wa greda."

Biasha hakuwahi kumwambia mtu. Si kwamba aliogopa kupigwa. Alikuwa anamwona mama yake kila magharibi, baada ya swala, anabaki kwenye mswala na kumlaani Dismas: asipate kaburi, asipate mtoto wa kumwita baba, mikono yake ioze juu ya usukani. Alilaani kwa utulivu, kama mtu anayekunywa dawa kwa saa zake. Kisha anasimama, anawasha jiko, anapika. Biasha alielewa, japo alikuwa mdogo, kwamba Dismas ndiye anayemwinua mama kwenye mswala.

Hayo yote aliyaandika. Mwalimu Ignatius aliyasoma akiwa amekaa. Alipofika mwisho aliirudia karatasi ya pili. Kisha akavua miwani na kuifuta kwa tai yake, ingawa haikuwa na vumbi.

"Hii siitii chini ya meza," alisema. "Kuna koma mbili tu. Nitakuonyesha." Akageuza fomu. "Umeiona Sehemu C? Mzazi anayetajwa kwenye maelezo athibitishe kwamba ameyasoma au amesomewa, na kwamba ameridhia. Mama anasoma?"

"Anasoma msahafu. Maandishi haya hapana."

"Basi msomee, atie dole."

Alimkuta mama barazani anabangua korosho, mikono imepakwa majivu kuikinga na mafuta ya maganda. Majivu hayasaidii sana. Mafuta yale yanachubua, na mama alikuwa ameyashika miaka ishirini na tano. Biasha aliweka kidau cha wino cha kuazima kwa mtendaji wa kijiji juu ya kigoda.

"Ndiyo ile ya udaktari?" aliuliza mama.

"Ndiyo."

"Umeandika nini?"

"Mambo ya kwetu, mama. Tulivyoishi."

"Na mimi umenitia?"

"Nimekutia."

Mama alicheka kicheko cha kuona haya, kama msichana aliyesifiwa mbele za watu. "Usiseme nimekuwa mkali. Sema nimebangua korosho mpaka ukamaliza fomu siksi." Aliifuta mikono kwenye kanga, akabonyeza dole gumba kwenye wino, akalibonyeza kwenye karatasi kwa nguvu zake zote. Lilitoka doa jeusi la mviringo, halina mstari hata mmoja. "Ona! Hata wino haunijui. Vidole vimeisha sura." Akacheka tena.

Biasha alikuwa na karatasi mkononi na mdomo ulikuwa wazi. Alichotakiwa ni kusoma tu. Alijiambia atamsomea Ijumaa. Ijumaa ikapita. Ikapita na nyingine. Fomu ikatumwa, na mwezi uliofuata ukaja ujumbe kwenye simu: ameitwa kwenye usaili.

Wakaanza mazoezi. Mwalimu Ignatius alikuja nyumbani kwao akiwa na koti lisilofungika tumboni, akakaa kwenye kiti cha baraza na kujipa jina la Profesa Kikohozi, kwa sababu, alisema, maprofesa wote hukohoa kabla ya kuuliza. Mama alikuwa shambani anapura ufuta.

"Khm! Binti. Kwa nini udaktari? Kwa nini usiende Somanga ukakaange samaki, uwauzie abiria wa mabasi madirishani? Pana fedha."

"Nimeshakwenda Somanga, Profesa. Walinipunja."

"Vizuri, usicheke mwenyewe. Waache wacheke wao. Khm! Mgonjwa anakataa kupasuliwa, mama mkwe amemkataza. Utafanya nini?"

"Nitakaa chini. Nitamuuliza mama mkwe anaogopa nini."

"Kaa wima unapojibu. Khm!" Hapo Mwalimu aliacha mchezo, sauti ikashuka. "Watakuuliza hili, ujue. Dada yako. Nani alaumiwe?"

Biasha aliketi wima. Jibu alikuwa amelifanyia mazoezi peke yake kwa juma zima, akitembea njia ya kisimani.

"Mama yangu alikaa kichwani pa dada yangu kwa saa tatu akiuliza jina la mwanamume ambaye hakuwepo. Dada yangu alimbuni Dismas ili aachiwe atoke. Mama yangu alimpenda. Na alimchelewesha."

Ungo ukaanguka. Mama alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, na ufuta umemwagika mpaka kwenye miguu yake.

Mwalimu Ignatius aliinuka upesi, akafanya kosa ambalo lingefanywa na mgeni tu. "Karibu, mama. Pole. Tulikuwa tunapitia yale maelezo uliyotia dole."

"Niliyotia dole," alisema mama.

Akamgeukia binti yake.

"Soma," alimwambia Biasha.

"Mama..."

"Nimesema soma. Nataka kusikia kidole changu kimesema nini."

Biasha alisoma yote, tangu mficha uchi hazai mpaka Nangurukuru. Mwalimu alikuwa anatazama viatu vyake. Mama alisikiliza akiwa amesimama, na mara moja tu uso wake ulisogea, pale palipotajwa kwamba alimbusu Somoe kwenye paji la uso.

"Kwa hiyo Dismas hayupo," alisema mwishoni.

"Hayupo, mama. Hakuwahi kuwepo."

"Kama Dismas hayupo," aliuliza mama, polepole, kama anayemuuliza mtu aliye mbali, "mimi nilikuwa nafanya nini pale kichwani?"

Biasha alipiga magoti. "Mama, kwa dole nisamehe. Nilikuibia. Ilikuwa nikusomee kwanza."

Mama naye alikuwa ameshapiga magoti, lakini si kwa ajili yake. Alikuwa anauzoa ufuta kutoka mchangani, punje kwa punje, na kuurudisha kwenye ungo. Aliendelea hivyo mpaka Mwalimu alipoaga, na magharibi ilipofika aliswali, akakunja mswala papo hapo. Hakulaani. Hakuwasha jiko. Aliingia ndani akalala na vumbi la shamba mwilini.

Siku ya usaili Biasha aliingia kwenye chumba chenye kiyoyozi, Dar es Salaam, akiwa na viatu vya kuazima. Wasaili walikuwa watatu. Aliyekaa katikati, Daktari Joyce, mtaalamu wa magonjwa ya wanawake, alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya chini, na kweli alikohoa kabla ya kuuliza. Biasha nusura acheke.

Alijibu vizuri. Alijijua anajibu vizuri, kama mtu anavyojijua akiwa anaogelea. Mpaka Daktari Joyce alipoifungua fomu kwenye ukurasa wa mwisho na kuigeuza.

"Hapa Sehemu C pana doa. Sioni alama ya mtu."

"Ni dole la mama. Anabangua korosho. Mafuta ya maganda yamefuta mistari."

"Ahaa." Aliligusa lile doa kwa kidole chake. "Alisomewa kabla ya kulitia?"

Angeweza kusema ndiyo. Neno lenyewe ni fupi.

"Hapana," alisema Biasha. "Nilisema nitamsomea, nikaogopa. Alisikia baadaye."

Wasaili wawili walitazamana. Daktari Joyce alifunga faili, akaweka mikono juu yake.

"Binti yangu, katika maelezo yote tuliyosoma, haya ndiyo yaliyoninyima usingizi. Nafasi ipo. Ningekupa sasa hivi. Lakini umeniandikia kurasa mbili juu ya mwanamke ambaye hakusikilizwa, halafu chini yake umeweka dole la mwanamke ambaye hakuambiwa. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Una siku saba. Niletee dole la mtu aliyesomewa akaridhia. Ukitaka kubadilisha maelezo, badilisha, ilimradi yawe kweli na dole liwe chini yake. Usipoleta, nafasi inakwenda kwa anayefuata."

Alifika nyumbani kesho yake. Mama hakumsemesha. Alipika, akapakua, akala kwa upande wake. Siku ya pili hivyo hivyo, ya tatu hivyo hivyo. Biasha alimkuta mara mbili ameketi barazani pale pale ulipokuwa ule mkeka, mikono mapajani, korosho hazijaguswa. Alikuwa amekonda kwa muda mfupi, na Biasha aliliona hilo akajua ni nani aliyemkondesha. Usiku na mchana alijiuliza kama mtu anaweza kuwa na haki na bado akawa ameua.

Siku ya sita, asubuhi, mama alimwita. Kidau cha wino kilikuwa juu ya kigoda. Alikuwa amekwenda mwenyewe kukiazima kwa mtendaji.

"Kaa."

Biasha alikaa.

"Nitatia," alisema mama. "Leo hii. Nitatia dole gumba, na kama hawalioni nitatia vidole vyote kumi. Nenda ukasome. Sitaki kukufunga. Mtoto mmoja nimemzika, wa pili nimfunge wa nini?"

"Mama..."

"Sijamaliza. Nataka neno moja kwako. Sitaki wazee, sitaki kikao, tuko wawili tu na Mungu. Niombe radhi. Sema ulikuwa mtoto, hukusikia vizuri. Somoe alikuwa anaweweseka, ulisikia vibaya. Dismas alikuwepo. Sema hivyo, halafu kwenye karatasi yako uandike unavyotaka, mimi sisomi."

Simu ya Biasha ilikuwa imelia asubuhi ile. Mwalimu Ignatius alikuwa amempa ushauri usioombwa. "Chochote atakachotaka, mpe, Biasha. Hata akitaka umwambie jua linachomoza Lindi na kuzama Lindi. Utakuja kuwa daktari, utaokoa wanawake mia kwa neno moja la uongo. Mungu anajua hesabu."

Na neno lenyewe lilikuwa dogo. Biasha alimtazama mama yake: macho mekundu, vidole visivyo na sura vimekamatana kwa kulisubiri. Alimpenda. Sentensi moja, na mama angelala usingizi. Angepata tena mtu wa kumlaani magharibi, angeinuka, angewasha jiko. Sentensi moja, na Jumatatu angekuwa chuoni.

"Sema, mwanangu," alisema mama, kwa upole ule ule. "Sema tu. Sisi sote ni wanawake humu, nani atakucheka?"

Hapo Biasha alisikia. Ilikuwa ni sauti ile ile, maneno yale yale, nyumba ile ile. Somoe naye aliombwa hivi, kwa mapenzi haya haya, na mwisho akatoa jina ili aachiwe atoke. Sasa yeye anaombwa atoe jina lile lile, aachiwe atoke. Akimtaja Dismas mara ya pili, Somoe atakuwa amekufa na uongo wake, na hakutabaki duniani mtu hata mmoja aliyemsikia.

Aliufunika wino. Aliushika mkono wa mama yake, akauweka kwenye shavu lake, na mama akamwachia kwa sababu alidhani neno linakuja.

"Kwa dole nilikuomba radhi, mama, na nitakuomba kila siku nikiwa hai," alisema Biasha. "Lakini nilisikia vizuri. Nilikuwa nimemshika mkono. Hakuna Dismas."

Mama aliuvuta mkono wake.

"Basi udaktari umeukosa."

"Nimeukosa."

"Kwa neno moja. Kwa kiburi. Niombe radhi, Biasha, nakuomba mimi niliyekuzaa."

"Siombi radhi."